Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha wa Kenya: nafuu ya kodi ni ya mwaka mzima

Mheshimiwa Waziri,

Nafuu ya kibinafsi, kiasi anachopunguziwa mfanyakazi katika kodi yake, ni shilingi 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka, na iliwekwa Aprili 2020. Kuongezwa kwake ni mjadala wa siku nyingine. Leo tunakuandikia kuhusu hiyo iliyopo, ambayo wafanyakazi wa kandarasi fupi hawaipati yote.

Tuseme mtu analipwa 40,000 kwa mwezi. Hazina ya hifadhi ya jamii, NSSF, inachukua 2,400, bima ya afya ya jamii 1,100, ushuru wa nyumba 600. Zinasalia 35,900 za kutozwa kodi: 24,000 za kwanza kwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata kwa asilimia 25, na 3,567 za mwisho kwa asilimia 30. Jumla ni 5,553. Ondoa nafuu, PAYE yake, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, ni 3,153. Mwajiri hajakosea.

Sasa kandarasi inaisha baada ya miezi sita na mwaka unakwisha bila kazi nyingine. Mapato yake ya kutozwa kodi ni 215,400, na kwa mwaka kiwango cha asilimia 10 hufika hadi 288,000. Kodi ni 21,540. Nafuu ni 28,800. Hadaiwi hata senti, ilhali ameshakatwa 18,920. Hiyo ni karibu nusu ya mshahara wa mwezi, na ni haki yake.

Ili arudishiwe, inampasa kuchukua kwa mwajiri P9, fomu inayoonyesha mshahara na makato yake ya mwaka, kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi yake ya mwaka, kwenye iTax, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Mapato (KRA), kufikia Juni 30, kisha kuomba marejesho. Wengi hukwama kwenye ritani. P9 inaonyesha nafuu ya miezi sita tu, 14,400, naye mfanyakazi anainakili hivyo hivyo. Kwa tarakimu hiyo moja anapoteza 7,140. Wengine hawaombi kabisa, ingawa sheria inawapa miaka mitano.

Aliye na waajiri wawili hukumbwa na kinyume chake: wote wakimpa nafuu, Juni anajikuta na deni. Na mwenye mshahara wa 26,000 anayelipia bima ya maisha hafaidiki na nafuu ya asilimia 15 ya malipo hayo, kwa kuwa hana PAYE ya kupunguziwa na nafuu hailipwi taslimu. Hili linatuuma, maana ndiye anayeihitaji zaidi.

Sheria ya Fedha ya 2025 iliwaagiza waajiri watumie nafuu zote wanapokokotoa PAYE. Ni hatua njema, lakini mwajiri huona miezi yake tu. Anayeona mwaka mzima ni KRA, kwa sababu kila mwajiri huipelekea makato kwa PIN (nambari ya mlipa kodi) ya kila mfanyakazi kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Tunaomba basi iTax ijaze yenyewe 28,800 kwa kila mkazi aliyeishi nchini mwaka mzima, na marejesho ya PAYE yaanzishwe bila kusubiri ombi. Hadi mfumo urekebishwe, P9 iandikwe wazi kwamba nafuu iliyomo ni ya miezi aliyofanya kazi kwa mwajiri huyo pekee.

Wako,
Wahasibu wa mishahara, Nairobi