Namba za kiharusi zielezwe zilivyopatikana

Ndugu Mhariri,

Septemba 29 ni Siku ya Moyo Duniani, Oktoba 29 ni ya Kiharusi, na kati ya tarehe hizo mbili ni nadra wiki kupita bila vyombo vya habari kutoa namba ya kutisha. Hatuna ugomvi na kutisha. Kiharusi kinatisha kweli. Ugomvi wetu ni kwamba namba hizo huchapwa bila kuelezwa zilipatikanaje. Ni kama kutangaziwa nyanya shilingi elfu mbili bila kuambiwa ni za kilo au za fungu.

Chukua habari ya aina ya “wagonjwa wa kiharusi waongezeka maradufu” katika hospitali fulani. Hospitali ikisimika mashine ya CT-Scan, ile ya kupiga picha za ndani ya kichwa, wilaya jirani huanza kuleta wagonjwa wao hapo. Rejista ya wodi inanenepa ndani ya mwaka mmoja, ilhali huko mitaani wanaopatwa wanaweza kuwa ni idadi ileile. Rejista hiyohiyo haina habari na mzee aliyeanguka alfajiri akafariki kabla usafiri haujapatikana, wala na mama ambaye ndugu zake waliona mdomo umepinda, wakasema ni upepo mbaya, wakampeleka kwa mganga. Kitabu cha hospitali kinaonyesha waliofika hospitali, basi.

Anayetaka kujua kiharusi kinapata watu wangapi hana budi kuwafuata majumbani. Kazi hiyo ni ghali na ngumu, na katika Afrika imefanywa mahali pachache. Tanzania ni mojawapo. Kuanzia Juni 2003 hadi Juni 2006, mtafiti Richard Walker na wenzake walihesabu kila aliyepatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza katika maeneo mawili ambako kaya zilikuwa tayari zinahesabiwa mara kwa mara: Hai mkoani Kilimanjaro, lenye watu 159,814, na sehemu ya Dar es Salaam yenye watu 56,517. Kwa waliofariki kabla ya kuchunguzwa, ndugu waliulizwa dalili moja baada ya nyingine: alianguka ghafla au aliugua taratibu? Mkono na mguu wa upande mmoja ulilegea? Maneno yalikuwa yanaeleweka? Matokeo yalitoka mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology.

Matokeo hayo yasomwe polepole, kwa sababu ndani yake mna vichwa vitatu vya habari vinavyopingana.

Hai walipatikana wagonjwa 453, Dar es Salaam 183. Mwandishi mwenye haraka angeandika kwamba kijijini ndiko kuna kiharusi. Lakini Hai walikuwa wanafuatiliwa watu wengi zaidi, kwa hiyo shika kikokotoo. Watu 159,814 mara miaka mitatu ni 479,442. Gawanya 453 kwa hiyo, unapata 94.5 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam, 56,517 mara tatu ni 169,551, nayo inatoa 107.9. Sasa mji na kijiji ni karibu sawa, na wengi wangetua kalamu hapo.

Bado. Dar es Salaam imejaa vijana waliokuja kutafuta maisha. Wazee wengi wamebaki vihambani, kwenye mashamba ya nyumbani. Kiharusi ni ugonjwa unaopanda na umri, hivyo mji wa vijana utaonekana salama hata kama kijana, mtu mzima na mzee wa mjini kila mmoja yuko hatarini kuliko wa rika lake wa Hai. Dawa yake ni kusawazisha umri: unachukua kiwango cha kila rika peke yake, kisha unakipigia hesabu kana kwamba maeneo yote mawili yana mchanganyiko mmoja wa umri, ule wa watu wa dunia uliowekwa na Shirika la Afya Duniani. Ukifanya hivyo Hai inatoa 108.6 na Dar es Salaam 315.9. Mara tatu, kasoro kidogo.

Hakuna namba ya uongo kati ya hizo. Anayepanga vitanda vya wodi anahitaji idadi ya wagonjwa, na anayeuliza maisha ya mjini yanatufanyia nini anahitaji kiwango kilichosawazishwa. Kosa ni kuchukua ya huyu ukamjibia yule.

Mtego huohuo wa umri umo kwenye takwimu za presha. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2012 ulipima watu wa miaka 25 hadi 64 na kukuta asilimia 26 hivi wana presha ya kupanda. Wa Kenya wa mwaka 2015 ulipima wa miaka 18 hadi 69 na kukuta asilimia 24 hivi. Ukizishindanisha namba hizo kama matokeo ya mpira, umelinganisha rika mbili tofauti na kuziita nchi mbili.

Tuingie kwenye kipimo chenyewe, maana hapa ndipo mambo yanapoharibika zaidi, kwenye utafiti na kwenye kambi za upimaji viwanjani pia.

Tafiti zote mbili tulizozitaja zilifuata utaratibu mmoja wa Shirika la Afya Duniani. Mtu anakaa kimya dakika 15. Anapimwa mara tatu, na kati ya kipimo na kipimo anapumzika dakika tatu. Kipimo cha kwanza kinaachwa, kwa sababu mara nyingi huwa juu kuliko vinavyofuata. Wastani wa cha pili na cha tatu ndio unaoandikwa. Sasa linganisha na kambi ya uwanjani: mtu amepanga foleni juani, amefika mezani akihema, anapimwa mara moja huku anaulizwa jina na namba ya simu, kesho gazeti linasema “asilimia 40 wakutwa na presha”. Asilimia hiyo ni ya waliochoka foleni. Tena waliojipanga si sampuli ya mji. Wengi wamekuja kwa sababu wanaumwa kichwa, au kwa sababu mama yao alipooza.

Mkono uwe wazi, uwekwe juu ya meza, mkanda wa kipimo unaofungwa mkononi uwe usawa wa moyo. Kila sentimita 10 mkanda unaposhuka chini ya moyo, uzito wa damu yenyewe huongeza karibu milimita 8 za zebaki, ambazo ndizo kipimo cha presha. Hiyo ni fizikia tu, haijali umekula nini. Jaribio lililofanyika Baltimore, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2024 lilikuta kwamba mkono ukiwekwa mapajani namba ya juu ya presha, ile ya moyo unaposukuma damu, inazidi kwa wastani wa 3.9, na ukining’inia ubavuni inazidi kwa 6.5. Miguu ikae sakafuni bila kukunjwa nne, mgongo uegemee, kibofu kiwe kimetolewa mkojo, na mdomo ufungwe: wa mpimwaji na wa mpimaji.

Mkanda ndio jambo tunaloona likipuuzwa kuliko yote. Mfuko wa hewa ulio ndani yake unatakiwa uzunguke asilimia 80 ya mkono, na kipimo cha mkono kinachofaa huwa kimechapwa kwenye mkanda wenyewe kwa sentimita. Vituo vingi vina mkanda mmoja tu wa saizi ya kati, na unavalishwa kila mtu, kuanzia binti mwembamba hadi mama mwenye mkono wa mzunguko wa sentimita 42. Jaribio jingine la Baltimore, la mwaka 2023, lilionyesha gharama yake: mkanda wa kawaida kwa mtu anayehitaji mkubwa uliongeza namba ya juu kwa 4.8, kwa anayehitaji mkubwa kabisa uliongeza 19.5, kwa anayehitaji mdogo ulipunguza 3.6. Sasa fikiria utafiti unaodai kwamba unene huleta presha, huku wanene wote wamepimwa kwa mkanda unaowabana. Unene huleta presha kweli, lakini utafiti huo utaonyesha zaidi ya ukweli, na hakuna hesabu ya baadaye itakayolisafisha kosa hilo.

Kwa nini milimita tano zitukoseshe usingizi? Tazama chati za hatari za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, zenye jedwali lake la Afrika Mashariki. Isiyohitaji maabara inauliza umri, jinsia, kuvuta sigara, uzito kwa urefu, na namba ya juu ya presha, kwa watu wa miaka 40 hadi 74 ambao hawajawahi kupata kiharusi wala shambulio la moyo. Jibu lake ni rangi. Kijani ni uwezekano wa chini ya asilimia 5 wa kupatwa na kimojawapo ndani ya miaka 10, kisha njano, chungwa, nyekundu, hadi nyekundu iliyoiva, ambayo ni asilimia 30 na zaidi. Namba ya presha haiingii ilivyo. Inaingia kwa mistari: 120 hadi 139 ni mstari mmoja, 140 hadi 159 ni mwingine. Mwenye 137 akipimwa mkono umening’inia anasoma 143, na amepanda mstari. Chati hii haiulizi sukari kabisa, kwa hiyo mwenye kisukari itampa namba ndogo kuliko haki yake. Huyo apelekwe kwenye ile ya maabara.

Kuna habari za vyakula pia. Utafiti wa SIREN wa Nigeria na Ghana, uliochapishwa mwaka 2018, ulilinganisha wagonjwa 2,118 wa kiharusi na wenzao 2,118 wasio nacho, na kukuta kwamba kutokula mboga za majani mara kwa mara kunaendana na uwezekano wa kiharusi mara 2.43. Ni utafiti mzuri, tena wa Waafrika wenyewe. Lakini waliulizwa baada ya kuugua, na mtu aliyepooza anaukumbuka mlo wake tofauti na mtu mzima wa afya. Pengine anayejibu ni mkewe. Presha nayo hupanda kwa siku kadhaa baada ya kiharusi chenyewe, ndiyo maana ya kitandani siku ya kwanza haitoshi kumwita mtu mgonjwa wa presha wa zamani. Kuandika “mchicha wazuia kiharusi” kutokana na hapo ni kuruka mto kwa miguu miwili. Presha ndiyo iliyoongoza katika utafiti huo, kwa mbali sana, na hatujui ni gazeti gani liliipa kichwa cha habari.

Tunaomba kila habari ya namna hii iwe na sentensi mbili zaidi: watu gani walipimwa na wa umri gani, na walipimwa mara ngapi kwa mkanda gani. Mwandishi akienda kituoni, aombe kuona namba za presha 100 zilizoandikwa karibuni, bila majina ya wagonjwa, ahesabu namba za juu zinazoishia na 0. Kipimo cha mshale kina alama kila baada ya milimita mbili, hivyo zitarajiwe kama 20. Cha kidijitali, kama 10. Akikuta 60, ajue wapimaji wanakadiria, na kwamba waliokuwa na 138 wengi wameandikwa 140, ambayo ndiyo namba inayomfanya mtu ahesabiwe mgonjwa.

Wasomaji wenu,
Dar es Salaam