Malalamiko: Kadi ya Alama za Vidole Mliyoniharibia Ofisini Kwenu Kisumu

Kwa Meneja wa Tawi,
Kisumu.

Bwana/Bibi,

KUH: KADI YA ALAMA ZA VIDOLE ILIYOKATALIWA NA FBI

Naandika kudai pesa zangu na karatasi zangu. Kadi mliyonichukulia alama za vidole imekataliwa na FBI, shirika la upelelezi la Marekani, kwa sababu alama hazisomeki, na naibu wako ameniambia nikitaka kurudia nilipe upya shilingi 3,500. Sikubali.

Niliishi Texas miaka kadhaa nikihudumia wazee, nikarudi nyumbani, na sasa ni muuguzi hapa Kisumu. Nimealikwa kuwasilisha maombi ya kuhamia Kanada. Kanada hutaka cheti cha polisi cha kila nchi uliyoishi miezi 6 mfululizo au zaidi katika miaka 10 iliyopita, na kwa aliyeishi Marekani hiyo ni ripoti ya FBI. Unaomba mtandaoni, unalipa dola 18, halafu kadi yenye alama za vidole vyote 10 inatumwa kwa FBI, jimboni West Virginia. Ukishaalikwa, una siku 60 za kukamilisha kila kitu. Bango lililo mlangoni kwenu linasema mnachukua alama za vidole zinazokubalika kimataifa. Nililiamini.

Kijana aliyenihudumia alinipokea kwa heshima, na sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na aliyemweka pale bila kumfundisha kazi. Alifungua kidau cha wino wa muhuri, ule wa zambarau mnaopigia risiti, akanichovya vidole. Kadi ile inataka wino mweusi wa kuchapia, unaotandazwa kwa rola juu ya kioo mpaka uwe utando mwembamba. Kidole nacho hakibonyezwi. Huviringishwa mara moja tu, kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi wa pili, gumba likielekezwa mwilini na vidole vingine vikielekezwa nje. Yeye alibonyeza. Pale kidole kilipoteleza, alikirudishia juu ya alama ileile, na mistari yote ikafutana ikawa doa.

Nilipomuuliza akasema vidole vyangu vimeisha kwa kunawa sana. Ni kweli mikono ya muuguzi hukauka kwa sabuni na dawa, kama ya fundi wa mawe au mama anayepara samaki ufukweni Dunga kutwa. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kumlipa mtu anayeijua kazi! Anayeijua angenipangusa vidole kwa spiriti, akasubiri vikauke, akakikanda kila kimoja kutoka kiganjani kwenda juu ili mistari isimame, kisha akatumia wino kidogo. Na wiki ileile, hapahapa mjini, afisa wa Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, alinichukulia alama kwenye fomu ya polisi C24 kwa ajili ya cheti cha mwenendo mwema, kile cha shilingi 1,050, na cheti kikatoka bila shida. Vidole vilikuwa hivihivi.

Kadi mliifunga wenyewe kwenye bahasha, mkaituma kwa kurieri kwa gharama yangu. Nakala yake niliipata baadaye, tena kwa kuidai, na hapo ndipo nilipoona makubwa zaidi. Kidole changu cha shahada cha kulia kimepigwa mara mbili, kwenye nafasi yake na kwenye nafasi ya kidole cha kati. Sehemu ya chini, panapowekwa vidole vinne vya kila mkono kwa pamoja, mkono wa kushoto haupo kabisa. Ile sehemu haikuwekwa kuwa pambo. Ndiyo inayothibitisha kwamba vidole vya juu vimepangwa inavyotakiwa. Hakuna aliyeikagua kadi hiyo kabla ya kuifunga?

Kuna jambo jingine, na ndilo linaloninyima usingizi. Kabla ya kadi mliyoituma kulikuwa na ya kwanza iliyoharibika, na hiyo kijana aliitupa kwenye ndoo ya taka kando ya kaunta, uso juu, ikiwa na jina langu, tarehe ya kuzaliwa, nambari yangu ya hifadhi ya jamii ya Marekani na alama zangu za vidole. Nywila ikiibwa utaibadilisha. Kidole utabadilisha na nini? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu alama za vidole kuwa data nyeti, na aliyezichukua ana wajibu wa kuzilinda. Nakala ya pasipoti yangu pia ilibaki kwenye mashine yenu, na sijui iko wapi leo.

Nataka mnirudishie shilingi 3,500 pamoja na gharama ya kurieri. Risiti zote mbili nimeziambatisha. Nataka kadi iliyotupwa na nakala ya pasipoti nikabidhiwe mkononi, au nipewe barua yenye sahihi yako inayoeleza ziliteketezwa lini na nani. Alama mpya nitachukuliwa kwingine, kwa hiyo msinipe ahadi ya kurudia bure. Na bango lile liondoeni mlangoni mpaka mtakapokuwa na wino unaofaa na mtu aliyefunzwa, maana wanaokuja kwenu ni watu wanaotoka Bondo, Mumias na Busia kwa matatu ya alfajiri, wengine wakiwa wamekopa nauli, na kila mmoja ana tarehe yake inayomkimbia.

Nawapa siku 14. Baada ya hapo nitapeleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na madai ya pesa nitayafuata chini ya Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Nambari yangu ya simu iko kwenye daftari lenu la wateja.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu,
Kondele, Kisumu.