Mwili hautengenezi bangi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili niseme neno kuhusu makala yenu ya afya ya majuma mawili yaliyopita, ambayo kichwa chake kilidai kwamba mwili wa binadamu hujitengenezea bangi yake wenyewe. Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari hapa Morogoro, na huenda nisingeshika kalamu kama mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha nne asingekikata kichwa kile, akakibandika kwenye ubao wa matangazo wa darasa, na chini yake akaandika kwa wino mwekundu: "Kumbe tunakatazwa kitu tunachozaliwa nacho."

Yaliyoandikwa ndani ya makala hayakuwa na kosa kubwa. Kosa limo katika jina, na jina hilo lina historia yake. Mmea ndio uliotangulia kujulikana. Mwaka 1964, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walibainisha muundo wa THC, kiini kinacholevya kilichomo katika bangi. (Mechoulam, aliyefariki mwaka 2023, alipenda kusimulia jinsi alivyopewa na polisi kilo 5 za hashishi kwa ajili ya utafiti, akazipakata ndani ya basi la abiria huku wenzake safarini wakijiuliza harufu ile inatoka wapi.) Ilipofika mwaka 1988, Allyn Howlett na William Devane wa St. Louis, Marekani, walionyesha kwamba ubongo una protini maalumu, yaani kipokezi, ambayo THC hunasa juu yake. Hapo ndipo swali lenyewe lilipozuka, kwa maana hakuna kiumbe kinachojenga mlango ubongoni mwake kwa kumsubiri mgeni wa moshi. Lazima yupo mwenyeji aliyejengewa mlango huo. Mwenyeji wa kwanza alipatikana mwaka 1992 katika ubongo wa nguruwe, akaitwa anandamidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya raha kuu. Wa pili, anayefupishwa kuwa 2-AG, alitambuliwa mwaka 1995 na makundi mawili, moja la Israeli na jingine la Japani.

Kwa kuwa mmea ulitangulia, viini hivi vya mwilini vikaitwa kwa jina lake: kanabinoidi za mwili. Ni kama tunavyomwita mzee fulani Baba Juma; jina limetoka kwa mtoto, lakini hakuna mtaani anayedhani kwamba Juma ndiye aliyemzaa babake. Mwandishi wenu alifika karibu sana na dhana hiyo.

Baada ya kuliona tangazo lile, niliingia darasani na glasi ya maji na kichupa cha mafuta ya alizeti. Nilidondosha tone moja, likaelea na kutulia juu ya maji kama jicho la manjano. Nikalikoroga, likagawanyika kuwa matone madogo, na baada ya muda yakaanza kukutana tena. Nilifanya hivyo kwa sababu anandamidi na 2-AG ni mafuta, na jambo hilo ndilo linaloeleza karibu tabia zao zote. Mjumbe, yaani kiini kinachopeleka habari kutoka seli moja hadi nyingine, akiwa ni wa kuyeyuka katika maji kama vile adrenalini, anaweza kutengenezwa mapema na kuwekwa akiba ndani ya vifuko vya seli hadi atakapohitajika. Mjumbe wa mafuta hawekeki hivyo, kwani angepenya na kutoka. Kwa hiyo seli humtengeneza papo hapo, kwa kumega kipande cha utando wake wenyewe, pale tu haja inapotokea. Kipande hicho hubeba asidi arakidoniki, ambayo mwili huweza kuiunda kutokana na asidi linoleiki, na asidi linoleiki imejaa tele katika mafuta hayo hayo ya alizeti tunayokaangia samaki.

Kazi ya mjumbe huyu ilieleweka vyema mwaka 2001, na kwangu mimi hapa ndipo penye uzuri wote wa somo hili. Kwa kawaida seli moja ya neva husema na nyingine husikiliza. Kanabinoidi za mwili huenda kinyume: hutoka kwa msikilizaji zikamrudia msemaji. Aliyewahi kukaa barazani ataelewa. Mzungumzaji akipaza sauti kupita kiasi, mzee anayemsikiliza hukohoa kidogo, naye hujua kwamba amesikika na kwamba apunguze. Kikohozi hicho ni cha kituo kimoja, kwa mtu mmoja, na hupita mara moja. Msemaji akishatulia, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemia mwilini) kiitwacho FAAH, kilichobainishwa kikamilifu na kundi la Benjamin Cravatt mwaka 1996, huikata anandamidi ikawa si kitu. 2-AG nayo ina kimeng'enya chake.

Sasa mlinganishe na moshi. THC haichagui baraza. Huingia kila palipo na kipokezi kwa wakati mmoja, kwenye kumbukumbu, kwenye mwendo, kwenye hamu ya chakula, na FAAH haiwezi kuikata. Athari yake hukaa kwa saa kadhaa, na mabaki yake hujificha katika mafuta ya mwili kwa siku nyingi. Ni sawa na wazee wote wa mji kukohoa kwa pamoja mchana kutwa. Nakiri, kwa haki, kwamba vipokezi hivi ni vichache mno katika sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi, na ndiyo maana bangi haimkati mtu pumzi kama heroini. Lakini hilo halimsaidii kijana wa miaka 16, ambaye ubongo wake bado unatumia wajumbe hawa hawa kuamua seli ipi iunganishwe na ipi.

Wanaodhani mfumo huu ni wa kuchezea wakumbuke yaliyozipata kampuni za dawa. Mwaka 2006 Ulaya iliruhusu dawa ya kupunguza unene iitwayo rimonabanti, ambayo huziba kipokezi kile cha ubongoni. Hamu ya kula ilipungua kweli, lakini baadhi ya wagonjwa waliingia katika sonona na mawazo ya kujiua, na mwaka 2008 ikaondolewa sokoni. Wengine walijaribu njia ya pili, yaani kuizima FAAH ili anandamidi ya mtu mwenyewe idumu zaidi. Dawa moja ya namna hiyo ilikizima kimeng'enya barabara, ila haikutuliza maumivu ya goti iliyojaribiwa kuyatibu. Nyingine, katika majaribio yaliyofanyika Rennes, Ufaransa, Januari 2016, ililaza hospitalini watu 6 waliojitolea, na mmoja wao akafariki. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba kemikali hiyo haikuishia kwa FAAH; ilivizima pia vimeng'enya vingine vinavyoshughulikia mafuta katika seli za neva.

Kuna habari moja ambayo ningependa mwandishi wenu angeitumia badala ya kichwa kile, kwa sababu imo katika kila nyumba. Mwaka 2005 watafiti wa Sweden walionyesha kwa panya kwamba paracetamol, baada ya kubadilishwa na ini, hufika ubongoni, na huko FAAH, ambayo kwa kawaida hukata, safari hii huunganisha: huifunga na asidi arakidoniki na kuzaa kiini kipya kiitwacho AM404. Kiini hiki huchelewesha kuondolewa kwa anandamidi, na pia hugusa kipokezi kile kile kinachotufanya tuhisi ukali wa pilipili. Huenda basi kidonge tunachokinunua duka la pembeni hutuliza kichwa, angalau kwa sehemu, kwa kupitia mlango huu. Nilipowaeleza wanafunzi hayo, yule mwenye wino mwekundu alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo na Panadol ni bangi?" Darasa lilicheka. Mimi niliona kwamba ameshaanza kulitilia shaka tangazo lake mwenyewe.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni dogo. Mkirudia habari hii, andikeni "kanabinoidi za mwili" au, kama neno ni zito, "wajumbe wa mafuta". Na kwa toleo lile, chapeni sahihisho, hata la mistari mitatu. Nimemzuia kijana asikibandue kichwa kile ubaoni. Nimeacha nafasi kando yake, upana wa safu moja ya gazeti lenu.

Mwalimu wa kemia,
Morogoro