Risala ya Wapangaji wa Mji wa Lamu: Nyumba za Umma na Ardhi ya Chini Yake

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Waziri wa Kaunti unayesimamia ardhi na nyumba. Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Manispaa ya Lamu. Waheshimiwa wawakilishi wadi. Maimamu wetu na viongozi wa dini zote. Wazee wa mitaa. Mama zetu, walimu wetu na wapangaji wenzetu,

Assalaam aleikum.

Karibu katika ua wa Ngome. Jengo hili lilianzwa mwaka 1813 na kumalizika 1821, likageuzwa jela hadi mwaka 1984, na leo linatumiwa na mji mzima. Watoto wetu husoma maktaba ya hapa, na sisi hupewa nafasi ya kukutana. Ni jengo la umma lililoishia mikononi mwa umma, na ndiyo sababu tulilichagua kwa shughuli ya leo, kando na sababu nyingine ya wazi kwamba lina kivuli.

Sisi ni kikundi cha kuweka na kukopa. Wengi wetu ni wapangaji wa Langoni, Gardeni, Wiyoni na Kandahari. Wamo mabaharia wa mashua, wenye punda wa mizigo, wavuvi, mafundi wa chokaa na wa milango, walimu wa chekechea, na mama wanaoamka kabla ya adhana kukanda unga wa mahamri. Pesa zinazokopwa katika kikundi hiki huenda zaidi kwenye kodi ya nyumba, zikifuatwa na karo ya shule. Kwa hiyo habari ya nyumba kwetu haikuanza na matangazo ya serikali.

Mheshimiwa, kila mwenye mshahara nchini Kenya anakatwa tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, na mwajiri wake hutoa kiasi kicho hicho. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Tunayataja haya mapema ili ieleweke kwamba hatukuja kuomba sadaka. Tumekuja kuuliza fedha yetu itajenga nini, wapi, na kwa ajili ya nani.

Mji tuliokulia haukuchorwa na ofisi yoyote, lakini mpango ulikuwapo. Boriti za mkoko hazina urefu wa kuvuka chumba kipana, basi vyumba vikawa vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine: daka la mlangoni, tekani ya kuingilia, kiwanda (yaani ua wa ndani), msana wa tini (sebule ya chini), msana wa yuu (sebule ya juu), ndani. Daka lilikuwa la mgeni na la mpita njia, na ndani kabisa pakawa pa mama wa nyumba. Kwenye birika la maji palifugwa visamaki ili viluwiluwi vya mbu viliwe. Binti akiolewa, aliongezewa orofa juu ya nyumba ya wazazi. Nafasi ikikosekana, wikio, yaani chumba kinachovuka njia kama daraja, lilirushwa juu ya kichochoro mpaka ukuta wa jirani, na punda akaendelea kupita chini na mizigo yake. Vichochoro viliteremka kuelekea pwani, na maji ya mvua yakafuata.

Hatusemi ulikuwa mji wa haki. Majumba ya mawe ya Mkomani yalikuwa ya wenye mali, na jasho la watumwa limo katika chokaa ile. Wengine walikaa upande wa Langoni katika nyumba za udongo na makuti, na hadi leo moto ukizuka upande huo hauna ukuta wa kuuzuia. Tunachokumbusha ni kwamba msikiti, chuo, kisima, duka na kazi vilikuwa hatua chache kutoka mlangoni, na kwamba ukoo ulipoongezeka nyumba iliongezeka pamoja nao.

Mwaka 2001 mji wetu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Tulifurahi, na tunaendelea kufurahi. Lakini orodha ile imelinda kuta zaidi ya ilivyowalinda wakaao ndani ya kuta hizo. Eneo lililolindwa ni kama hekta 16 tu, na nyumba hazizaliani. Mzee akifa, warithi ni saba au minane, kila mmoja na fungu lake, na nyumba ya mawe haigawanyiki vipande. Anakuja mnunuzi mwenye fedha za kigeni. Ndugu wanagawana, na kila mmoja anapata kiasi ambacho hakitoshi kununua chumba kimoja mjini humu. Hatumlaumu aliyeuza. Matokeo tunayaona katika kijiji jirani cha Shela na sasa Mkomani: nyumba nzuri, zimekarabatiwa vizuri, zimefungwa miezi mingi ya mwaka, na mjukuu wa aliyezijenga anapanga banda nyuma ya mji.

Wakati huohuo watu wanaongezeka. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 101,539 katika kaunti yetu. Ile ya mwaka 2019 ilihesabu 143,920. Gati la kwanza la bandari mpya lilianza kazi mwezi Mei 2021, na kila mwenye kutafuta kazi bandarini anahitaji pa kulala. Kodi ya nyumba inajua habari hizi kabla ya sisi kuzisoma.

Sasa tuingie katika ombi letu kuu, ambalo mengine yote yanaliegemea. Tunaomba ardhi ya nyumba za umma isiuzwe kamwe. Nyumba iuzwe au ipangishwe, lakini kiwanja kibaki mkononi mwa manispaa, au mkononi mwa amana ya wakaazi wenyewe, yaani chombo kinachoshika mali kwa niaba ya wote.

Tunaomba hivyo kwa sababu tunaijua historia ya ardhi ya Pwani. Wengi wetu tumezaliwa katika nyumba zilizokaa juu ya ardhi ya mtu mwingine, na hati ya mtu huyo hatujapata kuiona. Mwaka 2014 Serikali ilitangaza kufuta hati za kampuni 22 zilizohusu takribani ekari 500,000 katika kaunti hii moja. Ikiwa ardhi ya ukubwa huo iliweza kuhama mikono bila wenyeji kujua, basi viwanja vichache vya nyumba za bei nafuu vitahama kwa urahisi zaidi. Mpangaji atapewa funguo leo, kesho ataletewa bei asiyoweza kuikataa, na tozo yetu itakuwa imewajengea wageni nyumba za likizo.

Jambo hili si geni nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakaazi wa mtaa wa Tanzania-Bondeni kule Voi, waliokuwa maskwota, waliketi na serikali na washauri wakapewa njia kadhaa za kumiliki ardhi. Wakachagua ardhi ishikwe kwa pamoja na amana ya jamii, na kila mwanachama amiliki nyumba aliyoijenga. Akiondoka anauza nyumba, kiwanja kinabaki. Haikuwa kazi nyepesi, maana sheria za wakati ule hazikuwa zimeufikiria mfumo huo, ikabidi uungwe kwa vipande vya sheria mbalimbali. Tunaomba maofisa wako waende Voi wakawaulize wenyewe nini kilifaa na nini kiliwashinda. Nauli ya basi ni nafuu kuliko semina ya hotelini.

Mbali zaidi, Singapore ilianzisha mamlaka yake ya nyumba mwaka 1960, na leo takribani watu 8 katika kila 10 wanakaa katika nyumba zake. Wanazinunua kwa mkataba wa miaka 99, na ardhi inabaki ya serikali. Jiji la Vienna, Austria, lina nyumba zake lenyewe zipatazo 220,000, linazipangisha na haliziuzi. Jengo lao maarufu, Karl-Marx-Hof, lililofunguliwa mwaka 1930, lilijengwa pamoja na dobi, zahanati, maktaba na shule za watoto wadogo. Wale walijua mapema kwamba mtu hakai katika chumba peke yake.

Na karibu na sisi, ndugu zetu wa Unguja wanayo majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Yalitoa makao ya saruji kwa watu waliokuwa katika vibanda, na hilo ni jema kubwa. Lakini maswali waliyokutana nayo ni yale tutakayokutana nayo sisi: mama wa orofa ya juu atakaangia wapi viazi karai vya kuuza? Mkaa atauweka wapi? Pampu ikiharibika, nani atatengeneza, na kwa fungu gani? Bibi asiyeweza kupanda ngazi atapokea wageni wa tanzia wapi?

Mheshimiwa, tunalikazia hili la kazi. Katika nyumba zetu ndimo tunamopatia riziki. Humo kofia hushonwa, ukili husukwa, mahamri hupikwa, injini ya mashua hufunguliwa barazani ikatengenezwa. Nyumba ya vyumba viwili isiyo na daka wala uwanja wa pamoja itamwongezea mama saruji na kumpunguzia kipato. Tunaomba orofa ya chini iwe na nafasi za biashara ndogo za wakaazi wenyewe, na majengo yasizidi orofa ambazo mzee anaweza kuzipanda bila lifti. Lifti katika chumvi ya hapa kwetu tunaiogopa.

Kuhusu maji, kisiwa hiki kinakunywa kutoka matuta ya mchanga ya Shela. Mvua huchujwa na mchanga, maji matamu yakatulia juu ya maji ya chumvi, na ukivuta kupita kiasi chumvi hupanda. Kisima kikishaingia chumvi hakirudi upesi. Hivyo hesabu ya maji itangulie hesabu ya vyumba, na matuta yale yasiguswe na mjenzi yeyote, awe wa umma au wa hoteli. Kila paa jipya likusanye mvua. Vijiji vyetu vimejenga majabia, yaani matangi ya kukusanyia mvua, tangu zamani. Hatuoni sababu nyumba za karne hii zimwage maji ya masika baharini. Vyoo vya shimo vilivyo karibu na visima navyo ni habari ya mpango huuhuu. Karo la maji machafu la pamoja lichimbwe kabla ya msingi.

Kuhusu mahali, tunasikia mazungumzo ya kupeleka nyumba zote bara, Mokowe na Hindi, kwa kuwa ardhi ipo. Wanaofanya kazi bara wajengewe bara, pamoja na shule, zahanati na soko vinavyofunguliwa siku moja na nyumba. Lakini baharia, mpishi wa hoteli na mwenye punda wana kazi kisiwani. Ukiwavusha, utawatoza nauli ya boti kila siku ya maisha yao, na boti ya jioni ikiwaacha watalala kwenye gati. Tunaomba sehemu ya nyumba ijengwe kisiwani, popote palipo na ardhi ya umma iliyoungana na mitaa iliyopo, kwa vichochoro vinavyoendelea kutoka vya zamani na bila ukuta wa kutenga.

Kuhusu atakayepewa, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inataja nyumba za kijamii kwa wenye kipato kisichofika shilingi 20,000 kwa mwezi. Wengi waliokaa mbele yako wako hapo. Tatizo ni kwamba baharia hana hati ya mshahara, na kusi ikivuma hana safari. Tunaomba daftari la kikundi cha akiba kama hiki likubaliwe kuwa ushahidi wa uwezo wa kulipa, na malipo yafuate misimu. Majina ya waliopewa yasomwe hadharani mtaa kwa mtaa. Wazee wanamjua nani mpangaji na nani ana nyumba tatu.

Mwisho ni ramani. Sheria ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 inatupa nafasi ya kuketi na bodi ya manispaa, na tungependa kuketi kabla ya uamuzi. Mara nyingi sisi huitwa kikaoni, hupewa soda, husaini karatasi ya mahudhurio, na karatasi ile ndiyo huitwa ushirikishwaji wa umma. Safari hii tunaomba ramani ibandikwe hapa Ngomeni mwezi mzima, kwa Kiswahili, vipimo vikiandikwa kwa kalamu inayosomeka, na mchoraji mwenyewe aje siku mbili tatu akae nayo ajibu maswali.

Sisi kwa upande wetu tuko tayari kuhesabu nyumba na wapangaji wa mitaa minne tuliyoitaja, nyumba kwa nyumba, bila malipo, na kuikabidhi bodi orodha hiyo. Mafundi wa chokaa walio katika kikundi wamekubali kufundisha vijana kwenye ujenzi, ili kazi isiagizwe yote kutoka nje. Nakala ya maombi haya tunaikabidhi kwako pamoja na daftari la majina ya waliojitolea. Tunaomba jibu la maandishi kuhusu suala la ardhi kabla ya kikao kijacho cha bodi. Mengine yanaweza kusubiri mazungumzo.

Baada ya dua, pilau iko tayari upande wa kulia wa ua, na ukimaliza kula kuna vijana watakaokutembeza mpaka Kandahari kwa miguu. Tunakuomba viatu uvae vya kutembelea.

Ahsante kwa kutusikiliza. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Imesomwa na Katibu kwa niaba ya wanachama.