Usinunue mikasi kwanza

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Umeuliza ununue mikasi mingapi kwa kikundi chako cha wagonjwa wa akili hapo Malindi, watakaotengeneza picha kwa kubandika vipande vya karatasi kwenye katoni. Usinunue hata mmoja. Wengi watakaokuja wanatumia dawa za maradhi hayo, na mojawapo, haloperidol, hukaza misuli na kutetemesha mikono. Mtu akikata kombo mbele za wenziwe, harudi tena. Wachane karatasi kwa vidole. Ukingo wa kuchanwa hauna kombo wala sawa. Waketi kivulini, maana anayemeza dawa nyingine, chlorpromazine, huunguzwa upesi na jua. Anayetumia dawa ya lithium asikose maji ya kunywa: mwili ukikauka, dawa humzidi.

Gundi pika mwenyewe. Kikombe cha unga wa ngano koroga na kikombe cha maji baridi mpaka madonge yaishe, kisha mimina kwenye vikombe vitatu vya maji yanayochemka, ukikoroga hadi iwe nzito na ing'ae. Ukitia unga mkavu kwenye maji moto, madonge hayatoki tena. Ongeza kijiko cha chai cha shabu iliyosagwa, la sivyo kusi hii ukungu utaila picha. Katoni ikipakwa upande mmoja hupinda kama ng'onda. Bandika gazeti na mgongoni, uilaze chini ya ubao usiku kucha.

Mwenye sonona usimwekee karatasi nyeupe, ataikodolea macho mpaka magharibi. Ipake buluu hafifu kabla hajafika, umpe vipande vya magazeti na kanga kuukuu achague vitatu tu. Yule ambaye hali imempanda, halali wala hanyamazi, mpe katoni ya ukubwa wa kiganja. Kubwa itamchochea.

Kosa halifutwi, hubandikwa kipande kingine juu, na cha chini huchungulia ukingoni. Watu huliona hilo wenyewe, wewe usilihubiri. Wala usiulize, "Hii maana yake nini?" Uliza, "Kipande hiki kikae wapi?"

Ndugu wakisema ni michezo ya watoto, watajie msanii wa Kijapani Yayoi Kusama: tangu 1977 anaishi kwa hiari yake katika hospitali ya magonjwa ya akili Tokyo, na picha zake zinatafutwa dunia nzima. Lakini dawa zisiachwe kwa sababu ya picha. Na mtu akitamka kwamba anataka kufa, acheni kazi, asibaki peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Majina yaandikwe nyuma kwa penseli, wino huchuruzika kwenye gundi mbichi. Na picha ya mtu usiitundike ukutani bila idhini yake, hata kama mamake ndiye anayetaka.

Wasalaam,
Mwanaisha, Lamu