Hati ya kuremba iachiwe majina

Ndugu Mhariri,

Korosho zikishauzwa na wakulima wakalipwa, steshenari yangu hapa Chikongola, Mtwara, hugeuka kiwanda cha kadi. Harusi, sendofu, unyago, maulidi, vyote vinanijia kwa mkupuo. Na mteja, kabla hata hajanitajia jina la bwana harusi, ataanza: "Mama, niwekee ile hati ya kuremba."

Hati ya kuremba ndizo zile herufi za mwandiko wa mkono, zimelala kidogo, zimeshikana, zina mikia. Inayoombwa sana kwangu ni Edwardian Script, aliyoichora Mmarekani Ed Benguiat mwaka 1994. Jina hilo wateja hawalijui wala hawana haja nalo. Mtu anakuja na kadi ya jirani yake, ananyoosha kidole: "Kama hii."

Siikatai hati hiyo, naipenda kuliko wao. Uzuri wake umetoka kwenye kalamu ya nibu. Ukishusha mkono na kukandamiza, ncha inapanuka na wino unajaa. Ukipandisha, inabana, mstari unabaki mwembamba kama unywele. Babu yangu wa Mikindani aliandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nami utotoni nilikaa ubavuni pake kutazama neno zima likiteleza hadi mwisho kabla hajarudi kuweka nukta. Nadhani ugonjwa huu niliupata kwake.

Lakini mwaka juzi nilifanya kosa ambalo mpaka leo linanitia haya. Alikuja mjomba wa bibi harusi, ambaye kwa mila zetu za kusini ndiye mwenye shughuli. Akataka kadi za mchango 200, kila kitu kirembwe, mpaka namba ya simu ya mweka hazina wa kamati. Nikamtii. Hati yenyewe niliipakua bure mtandaoni. Moja yake ina kichwa kilichopinda, saba yake haina mkato. Wiki haikuisha, mjomba huyo mlangoni, kadi mkononi.

"Dada, hii ni moja au saba?"

Nikaichukua, nikaisogeza dirishani kwenye mwanga. Nami nisijue.

Bahati, ukituma pesa kwa simu jina la mpokeaji hujitokeza kabla hujathibitisha, kwa hiyo wengi walishtuka wakapiga kuuliza. Ila mzee mmoja hakusoma, shilingi 50,000 zikaenda kwa mtu asiyemjua. Zilirudi, baada ya simu nyingi na maneno ambayo gazetini hayaandikiki. Kadi zile nilizichapa upya kwa gharama yangu.

Tangu hapo majina ya maharusi nayaremba, basi. Tarehe, saa, ukumbi na namba ya simu naviweka kwa herufi zilizosimama. Mteja akinuna, namwandikia neno Mnima mbele ya macho yake. Wenyeji wa mkoa huu tunakijua kijiji cha Mnima kilipo, lakini kwa hati ya kuremba, baada ya ile M kubwa, n ina vijiti viwili, i kimoja, m vitatu: vijiti sita vimepangana kama uzio wa bustani, na cha kukuokoa ni nukta ya i tu. Mnazi Mmoja ya Lindi nayo ni hivyo hivyo. Majina yetu ya kusini yamejaa m na n, na waliochora hati hizi sidhani kama walituwazia. Ng' ndiyo usiseme. Hati nyingi za bure ritifaa yake inaelea juu kama nzi.

Halafu kuna wale wa "herufi kubwa zote, Mama, ionekane." Herufi kubwa za hati hii zimeumbwa kutangulia neno, kila moja na madoido yake. Zipange sita zifuatane, HARUSI inakuwa nyavu zilizonasana. Na vijana wa mabango wana mtindo wa kutanua nafasi kati ya herufi ili zijaze kitambaa: viungo vinakatika, kila herufi inabaki imenyoosha mkono na hakuna wa kuushika. Kwenye stika za bodaboda ni balaa jingine. Usipoyeyusha herufi ziwe umbo moja kwenye kompyuta, kisu cha mashine kinapita kila zinapopandana, na siku ya kubandika jina linatoka vipande vipande.

Sasa nije kwako, Mhariri, maana ndicho kilichonishikisha kalamu. Matangazo ya kumbukumbu na ya arobaini kwenye gazeti lako siku hizi yanaremba tangazo zima, kwa herufi ndogo, kwenye karatasi inayonyonya wino. Ile mistari myembamba inapotea, vitundu vya a na e vinaziba. Jumapili iliyopita mama yangu, ana miaka 78, alinipa ukurasa nimsomee arobaini ya mtu wa kwao ni lini. Niliona Juma, kilichofuata sikukiona. Ikabidi nipige simu kwa wafiwa kuuliza, na namba yenyewe niliisoma kwa kubahatisha.

Jina la marehemu lirembwe, anastahili. Siku ya arobaini tunaomba tuisome.

Mwenye steshenari,
Chikongola, Mtwara