Namba Yako Ilikuwa Amana

Ngamiani, Tanga
Jumapili usiku

Somo yangu Mwanahawa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji na wanangu wote. Huku sote hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, ila alfajiri anaamka mwenyewe bila kuitwa. Machungwa ya Muheza yamejaa Mgandini, nimekufungia machache pamoja na dera lako.

Ama baada ya salamu, nakuandikia kuhusu ule ujumbe. Najua uliupata. Siku ile ulinipigia mara tatu sikupokea, na jioni ukaniandikia neno moja tu: "Kweli?" Nimekaa na neno hilo wiki tatu. Nilitaka kukujibu kwa simu, nikashindwa, na hata ningeweza, yapo mengine humu ambayo sitaki yapite kwenye simu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ujumbe ulikwambia mimi ni tapeli, nimekuandika wewe kuwa mdhamini wangu, na nisipolipa utafuatwa wewe. Wallahi, somo, sikukuandika mdhamini popote. Lakini namba yako waliitoa kwangu, na hilo silikatai.

Ilikuwa hivi. Kabla ya Idi nilipata kazi ya madera kumi na mawili ya shughuli, watu wa Makorora. Walitanguliza fedha kidogo, kitambaa kikawa hakijatosha, na mwenye duka alikuwa hanikopeshi tena. Katika kundi letu la mafundi mtu akatuma kiungo cha programu ya mikopo: hakuna dhamana, hakuna kwenda ofisini, fedha ndani ya dakika tano. Nikabonyeza. Simu ikanionya kwamba programu hii haitoki dukani kwake, inatoka chanzo isichokijua. Nikakubali. Ikauliza, iruhusiwe kuona anwani, yaani majina na namba nilizohifadhi kwenye simu? Nikakubali. Isome SMS? Nikakubali. Ijue mahali nilipo, ifungue picha? Somo, nilikuwa nimesimama dukani, kitambaa kimeshapimwa, mwenye duka amekamata mkasi ananitazama. Nilibonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayefukuza nzi.

Niliomba 60,000, zikaingia 42,000. Hizo 18,000 walizikata mbele wakaziita gharama. Nilitakiwa kurudisha 60,000 kamili baada ya siku saba. Siku ya sita wenye shughuli walikuwa hawajamaliza kulipa, nikaomba siku mbili. Sikujibiwa. Siku ya nane saa mbili asubuhi simu zikaanza. Ustadhi wa madrasa ya mwanangu alipata ujumbe. Mwenye duka la vitambaa alipata. Bi Mkubwa wa Barabara ya 12, ambaye nimemshonea tangu harusi yake, alipata, na kesho yake akatuma mtoto kuchukua kitambaa chake ambacho hata sijakikata. Wewe ukapata, na nikasikia shemeji ndiye aliyeusoma kwanza. Naomba umwombee radhi kwa niaba yangu mpaka nije mwenyewe.

Deni nililipa siku ya kumi, na nyongeza waliyoitaka. Ujumbe uliendelea kutumwa siku mbili zaidi.

Sasa hapa ndipo panaponiumiza kuliko aibu yangu. Unamkumbuka yule dada niliyekusimulia, aliyetoka kwa mumewe usiku na mtoto mgongoni? Alibadilisha laini, akahamia mji mwingine, namba mpya akawapa watu wanne duniani. Mimi ni mmoja wao. Nilimhifadhi kwa jina ambalo hata wewe usingelijua. Naye alipata ule ujumbe. Alinipigia anatetemeka, akiuliza nani mwingine anayo. Sikuwa na jibu. Namba aliyoificha kwa miezi imo katika kompyuta ya watu ambao mimi siwajui, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kitambaa. Amebadilisha laini tena. Hii ya sasa sijaiomba, naye hajanipa, na ana haki.

Mpwa wangu Shaibu, yule fundi simu, alikuja baada ya Isha tukakaa barazani. Nilimwambia nimeshaifuta ile programu, basi yamekwisha. Akaniambia, "Shangazi, kuifuta kunazuia isichukue tena. Iliyoyachukua hayarudi." Akanieleza jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulifikiri. Ukiruhusu anwani, programu haiombi jina moja moja. Inapata daftari zima, majina, namba, na barua pepe ukizihifadhi humo, na inaweza kulinakili lote likaenda kwenye kompyuta za wenyewe kwa sekunde chache, hata kabla hujamaliza kujaza fomu ya mkopo. Ukija kuiondolea ruhusa baadaye umefunga mlango, nakala imeshatoka.

Nimewaza sana juu ya neno hilo "anwani". Simu inasema anwani zako, anwani zangu. Lakini ndani mna namba 412, nimezihesabu, na yangu ni moja tu. Zile 411 nilipewa niziweke. Mtu akikupa pete yake umwekee, akija mwingine akakuuliza "naruhusiwa kuichukua?", wewe unasemaje ndiyo?

Basi tukafungua mipangilio, tukaenda kwenye faragha, tukaingia mahali panapoitwa kidhibiti cha ruhusa. Simu yako nayo inapo, maneno yanaweza kuwa tofauti kidogo. Pale huoni programu moja baada ya nyingine, unaiona ruhusa na wote walioishika. Nilibonyeza maikrofoni nikakuta programu tisa. Kamera, kumi na moja. Mahali nilipo, kumi na nne, mbili kati yake wakati wote, hata nikiwa nimelala. Tochi, somo. Tochi ya kumulikia uani ilikuwa inajua niko wapi. Shaibu hakushangaa. Alinisimulia kwamba Marekani, mwaka 2013, mamlaka yao ya biashara iliishtaki kampuni ya tochi ya namna hiyo, iliyopakuliwa na mamilioni ya watu, kwa kuwapa watangazaji mahali walipo watumiaji bila kuwaambia. Tochi hazihitaji mahali. Na siku hizi simu zina tochi yake yenyewe, kwa hiyo ile niliifuta.

Kipimo alichonifundisha Shaibu ni kuuliza, kazi yake hii inahitaji nini? Ramani inahitaji mahali. Programu ya kupiga picha inahitaji kamera. Kikokotoo kinataka anwani za nini? Jirani akija kuazima mbuzi ya kukunia nazi, humpi na funguo za kabati.

Kuna moja ilinichoma, nayo ni ya saa za swala. Hiyo inahitaji kujua niko mji gani, maana Maghrib ya Tanga si ya Kigoma, na kibla kinataka mahali. Lakini haina haja ya kujua nyumba. Simu za Android kuanzia toleo la 12, la mwaka 2021, zinakuruhusu kutoa mahali pa kukadiria tu, na hapo panatosha kabisa kwa swala. Nilipouliza kwa nini anasisitiza, Shaibu akanionyesha habari ya Novemba 2020. Waandishi wa Motherboard, tovuti ya habari za teknolojia huko Marekani, waligundua kwamba Muslim Pro, programu ya swala wanayoitumia Waislamu wengi mno duniani, ilikuwa ikipeleka mahali walipo watumiaji kwa kampuni iitwayo X-Mode, na wateja wa X-Mode walikuwemo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye Muslim Pro walitangaza kuvunja uhusiano huo mara moja, na Januari 2024 mamlaka ileile iliyoishtaki tochi ikaipiga marufuku X-Mode kuuza taarifa nyeti za mahali watu walipo. Lakini mtu aliyefungua simu yake kutafuta wakati wa Alasiri hakuwa na habari ya lolote katika hayo. Nilikaa kimya muda mrefu. Yangu ni nyingine, si hiyo, lakini niliirudisha kwenye kukadiria, na iwe wakati ninapoitumia tu.

SMS ndiyo ninayotaka uiangalie kwanza, kabla ya zote. Fikiria mwenyewe kinachokaa ndani ya SMS zetu: nani kakutumia fedha, kiasi gani, salio limebaki ngapi, na zile namba za siri za mara moja zinazoletwa unapofungua akaunti. Programu yenye ruhusa hiyo inayasoma yote. Kwangu nimeiachia programu ya simu ya ujumbe peke yake. Na iko nyingine inayoitwa ufikivu, imewekwa kwa ajili ya wasioona na wenye ulemavu wa mikono, inaiwezesha programu kusoma kilichoko kwenye kioo na kubonyeza badala yako. Kwa mtu mwenye haja nayo ni neema. Ikiombwa na programu ya mikopo au ya kupamba picha, ifute palepale.

Picha siku hizi si lazima kuzifungua zote. Android za karibuni zinakuuliza uchague zile unazotaka zionekane. Mwanao mwenye iPhone naye anaweza, na kuanzia iOS 18 ya mwaka 2024 anaweza hata kuchagua majina machache katika anwani badala ya daftari zima. Laiti ningeulizwa hivyo siku ile. Mwambie pia akiona kitone cha rangi ya machungwa juu ya kioo, maikrofoni iko wazi. Cha kijani, kamera. Kwenye Android alama ni ya kijani kwa zote mbili.

WhatsApp nimeiachia anwani, nisikufiche. Shaibu anasema ukiinyima bado inafanya kazi, ila unaona namba tupu badala ya majina, na mimi wateja wangu wote wako humo. Nimepima nikaona hiyo sina budi. Ila maikrofoni na kamera nimeziwekea iulize kila mara.

Nimejua pia mambo ambayo ningetakiwa kuyajua kabla. Duka la programu la Google, tangu tarehe 31 Mei 2023, linakataza programu za mikopo binafsi kuchukua anwani na picha za mtu. Nami ile sikuitoa dukani, niliitoa kwenye kiungo, na lile onyo la simu nililolipita lilikuwa na maana yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Ya kwangu siitaji hapa. Na tunayo sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume yake ambayo Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Nimeandika malalamiko kwa Tume, kurasa mbili, na picha za ujumbe nimeambatanisha. Katika ule wako nimefunika namba yako kwa wino kabla ya kupiga nakala. Yule dada sikumtaja kabisa.

Kazi zimeanza kurudi polepole. Ustadhi alikuja mwenyewe dukani, akaketi, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniachia kanzu mbili za kupunguza. Bi Mkubwa bado.

Somo, nimefuta namba ambazo sikuwa na sababu ya kuzishika, za watu niliokutana nao arusini mara moja, za mafundi bomba wa miaka sita iliyopita. Zimebaki 160. Yako pia nimeifuta kwenye simu. Usinielewe vibaya. Nimeiandika katika daftari langu la vipimo, ukurasa ule wenye kifua na kiuno chako tangu tulipokuwa wasichana, na daftari liko sandukuni chini ya cherehani. Mara ya kwanza niliihifadhi bila kukuuliza, kwa kuwa wewe ni somo yangu na sikuona haja. Sasa nakuuliza. Nairudisha kwenye simu, au ibaki daftarini?

Barua hii na dera na machungwa nimemkabidhi kaka yake Mwanaidi, anakuja huko Bagamoyo kesho. Dera nimeliachia inchi mbili mbavuni, ukiona linabana fumua mshono wa ndani. Ukiwa tayari kunijibu, nipigie. Safari hii itaonekana namba tupu bila jina, lakini hiyo naijua kwa moyo, nitapokea.

Wako,
Somo yako wa Ngamiani